Behewa Lililofungwa kwenye Treni Isiyo Yake

Gego la mtoto wa miaka 5 halina sababu ya kulegea. Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka mtoto anapokaribia miaka 6, naye hujivunia pengo lake mbele ya wenzake. Magego hungoja. Hayatikisiki mpaka mtoto afike miaka 9 au 10. Basi mama wa Alunguli, mjini Kindu, akimwona mwanawe anatafuna wali na sombe kwa upande mmoja tu, akamfungua kinywa, akaligusa gego la chini kwa ncha ya kidole na kulikuta linacheza kama kigingi kilichochomekwa kwenye tope, huyo mama ameona jambo ambalo madaktari wengi walilipita kwa miaka mingi bila kulitambua.

Kinachofuata kinajulikana. Shavu linavimba. Jirani anasema ni jino lililooza, na mtoto anang'olewa jino, lakini uvimbe hauna habari na jino. Mwingine anapaka majani yaliyotwangwa. Wa tatu ananong'ona kuhusu shangazi aliyegombana na baba wa mtoto juu ya shamba, na neno ulozi linaingia nyumbani kabla ya neno lopitali. Wiki ya pili jicho la upande ule linaanza kusukumwa nje. Wakati wote huo mtoto huenda halii, kwa kuwa uvimbe huu mara nyingi hauumi sana mwanzoni, na hapo ndipo unapowahadaa watu.

Ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni kansere ya watoto, na katika uvimbe wote wa binadamu uliowahi kupimwa ni vigumu kupata unaokua upesi kuupita. Kinachouendesha ni jeni moja, miongoni mwa jeni kama 20,000 alizo nazo kila mtu, na jina lake lina herufi tatu tu: MYC. Mazungumzo ya leo ni ya jeni hiyo. Wasikilizaji wa Kindu wanahusika nayo kuliko wasikilizaji wa miji mingi, na sababu itaonekana mbele kidogo.

Habari inaanzia Kampala mwaka 1957. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyekuwa na jicho moja la kuonea tangu ajali ya utotoni, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell katika hospitali ya Mulago amwangalie mvulana wa miaka 5. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote nne: juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Usaha wa jino hukaa upande mmoja, na kansere nayo kwa kawaida huanza mahali pamoja. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine amekaa na mama yake kwenye majani, uso umevimba namna ileile. Alitoka nje kwenda kumpima, na safari hii hakuishia usoni. Alimgusa tumbo. Tumboni namo mlikuwa na uvimbe.

Mkono ule juu ya tumbo ndio uliofungua mlango. Burkitt alirudi Mulago akapekua majalada, akakuta watoto ambao kila daktari alikuwa amewaandikia ugonjwa wake: huyu taya, yule figo, yule ini, yule ovari. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja uliovaa kanzu tofauti. Na haukuwa mpya. Kumbukumbu za hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na mmisionari Albert Cook mwaka 1897, zilipokuja kufukuliwa zilionyesha kwamba taya hizo zilikuwa zikiletwa kwa daktari tangu mwanzo wa karne.

Mwaka 1961 Burkitt alifanya jambo ambalo leo lingehitaji makaratasi ya miaka miwili. Alinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250, akaingia humo pamoja na madaktari wawili rafiki zake, Ted Williams na Cliff Nelson, wakashika njia ya kusini kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, hospitali baada ya hospitali, zaidi ya 50, kwa wiki kumi na kilomita kama 16,000. Kila walipofika waliweka picha mezani na kuuliza swali lilelile: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Walikuwa njiani hivyo, katika Novemba ya mwaka huo, Kindu ilipotajwa ulimwengu mzima kwa habari nyingine kabisa, ya wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliouawa mjini hapa. Hakuna aliyekuwa akija mkoa huu wa Maniema kuuliza habari za mataya.

Majibu yalipochorwa kwenye ramani yalitoa mkanda uliokata katikati ya Afrika. Ndani ya mkanda ugonjwa upo, nje yake hauonekani. Burkitt alidhani ni suala la mwinuko, kwa sababu milimani watoto hawakuugua. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi aliyekuwa Entebbe, alimsahihisha: mwinuko ni kivuli tu, kinachohesabika ni joto na mvua. Mahali panaposhuka chini ya nyuzi 16 hivi, au pasipopata hata milimita 500 za mvua kwa mwaka, ugonjwa hauonekani. Karibu na ikweta mpaka ulikuwa kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kindu iko kwenye mita 500 tu, na mvua yake ni ya msitu. Joto lake halihitaji kipimo; shati la mtu aliyevuka mto Lualaba saa nane za mchana linatosha kuwa shahidi. Mji wote, Kasuku, Mikelenge na Alunguli, umo ndani ya mkanda bila shaka yoyote.

Ramani ya namna hiyo ilifanana mno na ramani ya mbu. Wengi walidhani basi kuna kirusi kinachobebwa na mbu. Walikosea, lakini kosa lao lilikuwa na faida.

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, katika hospitali ya Middlesex, na mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, aliyeshughulika na virusi vya kansere ya kuku. Walipatana kutafuta kirusi ndani ya uvimbe. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ilikuta ukungu London ikageuziwa Manchester. Kipande kilipomfikia kilikuwa kimechelewa, maji yake yamekuwa na utusitusi kama ya kitu kilichooza. Mwingine angemwaga. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini: ule utusitusi ulikuwa seli za kansere, zimejitenga na kipande na zinaelea zikiwa hai. Kuanzia hapo aliweza kuzifuga. Februari 1964, akitumia hadubini ya elektroni, aliviona virusi ndani ya seli, akaogopa kwamba mwale wa hadubini ungemchomea alichokipata, akaizima, akatoka nje bila koti na kuzunguka mitaa katika theluji mpaka moyo ulipotulia. Pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, mtu wa Trinidad, alitangaza habari hiyo Machi mwaka huo. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr.

Kingekuwa ndicho chanzo peke yake, mazungumzo haya yangekwishia hapa. Lakini kirusi cha Epstein-Barr hupita kwa mate, hakihitaji mbu, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, mtangazaji na msikilizaji wake wakiwamo. Katika Afrika ya kati watoto wengi hukipata wakiwa wadogo sana. Malaria nayo kila nyumba ya Kindu inaijua kwa jina. Wote wana kirusi, wote wanaugua malaria, lakini wanaovimba taya ni watoto wachache tu katika kila 100,000. Lazima kuna jambo jingine, jambo linalompata mmoja na kumwacha mwenzake waliyelala naye chandarua kimoja.

Jambo hilo lilionekana kwanza Stockholm, nchini Sweden, katika maabara ya George Klein, aliyekuwa akipelekewa vipande vya uvimbe kutoka Nairobi. Mwaka 1972 mtu na mkewe kutoka Bulgaria, George na Yanka Manolov, walipanga kromosomu za seli hizo na kuona kwamba moja ya kromosomu namba 14 ilikuwa na mkia mrefu kupita kawaida. Miaka minne baadaye Lore Zech na wenzake wakaonyesha mkia ule ulitoka wapi: ulikatika kutoka kromosomu namba 8.

Mtu aliyewahi kusimama kwenye gare ya Kindu akaangalia mabehewa yakiungwa hatapata taabu kuelewa. Kila seli ya mwili ina kromosomu 46, na kila kromosomu ni kama treni ndefu ambayo mabehewa yake ni jeni. Jeni ya MYC ni behewa la karibu na mkia wa treni namba 8. Kwenye treni hiyo linavutwa polepole, kwa saa zake, na mara nyingi limesimama tu. Sasa fikiria treni mbili zimekatika usiku mmoja, na fundi aliyesinzia akayaunga mabehewa bila kutazama namba. Behewa la MYC limefungwa kwenye treni namba 14. Na treni namba 14, ndani ya seli za damu ziitwazo seli B, ndimo zilimo jeni za kutengeneza kingamwili, silaha za mwili dhidi ya maradhi. Kazi ya seli B ni hiyo tu. Injini ya treni hiyo haizimwi usiku wala mchana.

MYC ikifungwa nyuma ya injini ile, haina tena saa ya kusimama.

Utamu wa ugunduzi huu uko katika jambo ambalo watu huliruka. Jeni yenyewe mara nyingi haikuharibika sana. Kilichobadilika ni jirani. Na si watoto wote wanaokuta behewa limehamia namba 14. Kwa wachache linabaki kwenye namba 8, na kipande cha namba 2 au namba 22 ndicho kinacholetwa na kuungwa karibu nalo. Ukizichunguza treni hizo mbili, nazo zimebeba jeni za kingamwili. Treni tatu, na zote tatu za kazi ileile. Bahati mbaya tupu haichagui hivyo. Mwaka 1982 vikundi viwili Marekani, kimoja cha Philip Leder na kingine cha Carlo Croce na Riccardo Dalla-Favera, vilithibitisha kwamba pale kwenye kiungo cha 8 na 14 ndipo MYC ilipo.

Jina MYC lenyewe limetoka kwa kuku. Ni kifupi cha jina refu la ugonjwa wa damu wa kuku, unaoletwa na kirusi kilichopatikana Bulgaria katika miaka ya 1960. (Wabulgaria wana fungu lao katika kisa hiki, bila wao kwa wao kupanga.) Kirusi hicho kilikuwa kimeiba jeni ya kuku na kutembea nayo. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba jeni hiyohiyo imo ndani ya kuku mzima asiyeumwa, na ndani ya binadamu pia. Kumbe si adui aliyeingia. Ni mwenyeji.

Na ni mwenyeji mwenye kazi kubwa. Protini inayotengenezwa kwa maagizo ya MYC huungana na mwenzake, ikashika uzi wa jeni na kuwasha jeni nyingine maelfu: jeni za kutengeneza protini, za kula sukari, za kugawanya seli iwe mbili. Kidonda kikitaka kuziba, utumbo ukitaka kubadilisha ngozi yake ya ndani, mimba ikikua tumboni, MYC inawashwa. Kisha inazimwa. Katika seli salama protini yake haiishi sana: nusu yake huwa imekwisha ndani ya nusu saa hivi. Ni kama taarifa ya redio, inasikika mara moja na hewa inaimeza. Ikitaka kusikika tena lazima itangazwe upya. Katika seli ya Burkitt inatangazwa bila kukoma, na seli hugawanyika kila baada ya siku moja au mbili.

Nani basi huyo fundi aliyesinzia? Hapa malaria inarudi, na si kwa njia waliyoidhani watu wa 1961. Seli B zikipambana na ugonjwa hukusanyika ndani ya tezi, na humo hunoa silaha zao kwa kuzikatakata na kuziunga upya jeni za kingamwili, mpaka ipatikane inayomshika adui barabara. Kimeng'enya kinachofanya ukataji huo kinaitwa AID. Ni kisu cha lazima, bila hicho mtoto hawezi kujenga kinga nzuri. Lakini kisu kikitumika mno huteleza. Kwa mtoto anayepata malaria, akapona, akapata tena, mwaka mzima, miaka mitano mfululizo, seli B hazitoki ulingoni. Mwaka 2015 watafiti wa New York wakiongozwa na Michel Nussenzweig walionyesha kwa panya kwamba vimelea vya malaria vinavyodumu mwilini vinaweka kisu hicho kazini muda mrefu na kuzaa limfoma za seli B zenye kromosomu zilizokatika na kuungwa vibaya. Kongo hubeba zaidi ya wagonjwa 1 kati ya 10 wa malaria wa dunia nzima, ya pili baada ya Nigeria. Mustikere iliyotobolewa kwa ajili ya kuvulia samaki Lualaba ina maana pana kuliko homa ya usiku mmoja.

Mtu makini atauliza: kama kukatika huko ni makosa ya kila siku, mbona mwili haujilindi? Unajilinda. Seli yenye MYC iliyozidi ina desturi moja ya ajabu, ambayo pengine ndiyo iliyotuacha hai: hujiua. Kukimbizwa kupita kiasi kunawasha ndani yake amri ya kujimaliza. Anayetazama limfoma ya Burkitt chini ya hadubini huiona amri hiyo kwa macho. Seli za kansere zimebanana, za buluu iliyokolea, zote za ukubwa mmoja kama mtama uliopepetwa, na kati yake kuna vitundu vyeupe vilivyotawanyika. Wapatholojia huita sura hiyo anga lenye nyota. Kila nyota ni seli msafishaji, na ndani ya tumbo lake mna vipande vya seli za kansere zilizojiua. Maelfu yanakufa na uvimbe bado unakua. Hiyo ndiyo kasi ya MYC.

Lakini ili uvimbe usimame, baadhi ya seli lazima ziiasi amri ya kufa, na kirusi cha Epstein-Barr, kilichotulia ndani ya seli B tangu utotoni, husaidia uasi huo. Kwa hiyo malaria inakata, MYC inakimbiza, kirusi kinazuia kifo. Watatu hao, na pengine jeni ya breki iliyoharibika kando yao. Anayesema jeni moja inaleta kansere peke yake anakata mambo mafupi mno. Jeni moja inashika usukani. Gari lina abiria wengine.

Ushahidi wa usukani huo ulitoka Melbourne, nchini Australia. Mwaka 1985 kikundi cha Jerry Adams na Suzanne Cory kilitangaza habari za panya waliozaliwa na MYC iliyofungwa nyuma ya injini ya kingamwili, sawasawa na ajali ya watoto wa Afrika, ila hapa imewekwa kwa makusudi. Wengi wa panya hao walipata limfoma ndani ya miezi michache. Hata hivyo kila uvimbe ulitokana na seli moja, ilhali seli B zote za panya zilikuwa na jeni ileile iliyowashwa. Yaani mamilioni waliambiwa wakimbie, na mmoja tu akavunja uzio.

Swali gumu zaidi lilijibiwa San Francisco. Uvimbe ukishakua, ukaharibika huku na huku, je, bado unaitegemea MYC, au sasa unajiendesha? Mwaka 1999 Dean Felsher na Michael Bishop walitengeneza panya ambao MYC yao ilikuwa na swichi. Dawa ya kuizima iliwekwa kwenye maji ya kunywa, na dawa yenyewe ilikuwa doksisaikilini, vidonge ambavyo famasia yoyote ya Kindu inaviuza. Panya walikuwa wameshajaa kansere ya damu. Swichi ikazimwa, na kansere ikarudi nyuma. Seli ziliacha kugawanyika, nyingine zikakomaa kama seli za kawaida, nyingine zikafa. Lazima isemwe polepole, maana habari kama hii husafiri sokoni bila mkia wake: doksisaikilini haitibu kansere ya mtu. Iliwatii watafiti kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameijenga jeni ile iisikilize. MYC ya mtoto wa Kindu haina sikio la doksisaikilini. Na mpaka sasa kuitengenezea dawa ya kuishika moja kwa moja kumewatoa watu jasho, kwa kuwa protini yake ni laini na imelegea, haina tundu ambalo dawa ingeingia ikakaa.

Neno jeni linaleta hatari nyingine, na hii ni ya nyumbani kabisa. Baba akiambiwa mtoto wake ana ugonjwa wa jeni, husikia ugonjwa wa ukoo. Jioni ile ile wakwe wanaanza kuhesabiana vizazi: ni damu ya kwenu, si ya kwetu. Kwa limfoma ya Burkitt hesabu hiyo haina msingi. Behewa lilihama baada ya mtoto kuzaliwa, ndani ya seli moja ya damu. Seli zote za uvimbe ni wajukuu wa seli ile moja na ndizo peke yake zilizobeba kosa. Chukua seli ya ngozi ya mkono wa mtoto huyohuyo: MYC imekaa kwenye treni namba 8, mahali pake. Chukua damu ya mama, ya baba, ya bibi: vilevile. Mtoto hakurithi kitu, wala hatarithisha.

Zipo kansere za utotoni ambazo ukoo unahusika kweli. Ile ya jicho, retinoblastoma, ambayo huonekana kama mng'ao mweupe ndani ya mboni, picha ikipigwa usiku jicho moja linang'aa kama la paka, inatokana na jeni ya breki iitwayo RB1, na katika baadhi ya familia breki hiyo mbovu hupita kutoka kwa mzazi. Huko ndugu zake mtoto wanapaswa kupimwa macho mapema. Kuchanganya mambo haya mawili ni kumtwisha mama lawama asiyostahili upande mmoja, na kumwacha mdogo wa mtoto mgonjwa bila kipimo upande wa pili.

Kasi inayoua ndiyo inayotoa nafasi ya kupona. Dawa za kansere za zamani hushambulia seli zinazogawanyika, na seli za Burkitt hazijui kupumzika. Burkitt mwenyewe, akiwa daktari wa upasuaji asiyeweza kukata taya zote nne, alijaribu dawa kama saiklofosfamidi katika miaka ya mwanzo ya 1960, akashangaa kuona nyuso zikirudi katika umbo lake baada ya dozi moja au mbili. Mwaka 1967 Mmarekani John Ziegler alifungua Kampala kituo cha kutibu limfoma, mbegu ya Taasisi ya Kansa ya Uganda ya leo. Hapo ilijifunzwa kwamba uvimbe unaweza kuyeyuka haraka mno, ndani ya siku chache, na taka za seli zilizokufa zikaziba figo. Ndiyo maana mtoto anayeanza dawa hutundikiwa maji na kuhimizwa anywe, na muuguzi hupima mkojo kwa kikombe usiku kucha. Mkojo ukipungua, hatari imeingia.

Katika nchi tajiri, watoto 9 hivi kati ya 10 wenye Burkitt hupona. Katika sehemu kubwa ya Afrika wanaopona ni wachache zaidi, na jeni si nyingine. Ni ileile MYC, kwenye treni zilezile. Tofauti ni siku. Kutoka Kindu hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa ndege, na anayetoka Alunguli ana mto wa kuvuka kwanza. Baba anauza mchele apate tiketi, kipande cha uvimbe kinangoja mtu wa kukisafirisha kwenda kusomwa, na katika kungoja huko seli zinaendelea kujigawa bila kuuliza nauli imepatikana au la.

Kwa hiyo katika kituo cha afya chenye muuguzi aliyeisikia habari hii, mambo huenda kwa namna nyingine mtoto wa taya anapoingia. Haulizi kwanza kuhusu jino. Anamwambia mtoto afungue kinywa, anayagusa magego yote, ya upande usiovimba pia. Kisha anamlaza, anainua shati, anabana tumbo kwa kiganja chini ya mbavu, kulia, kushoto, anashuka mpaka kinenani. Na anapomgeukia mama na kuuliza uvimbe ulianza lini, hakubali jibu la mwezi wala la juma. Anataka siku, na siku hiyo anaiandika juu kabisa ya karatasi, kabla ya jina.